Re: Fundi wa kujenga Iyumbu, nimwamini wa Instagram au wa shemeji?

Salaam mkuu. Umekwama kati ya fundi mwenye picha na sifa nyingi mtandaoni na yule aliyeletwa na shemeji. Wa mtandaoni siwezi kumsemea, kazi yake sijaiona kwa macho.

Anza na hili: kila mmoja akupeleke kwenye nyumba aliyoijenga hapa Dodoma, iliyokwisha kupigwa mvua msimu mzima, Desemba hadi Aprili. Udongo wetu sehemu nyingine huvimba ukilowa, na matetemeko madogo nayo hayatuishi, kwa hiyo angalia nyufa kwenye kona za madirisha na chini ya lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Kisha ongea na mwenye nyumba fundi akiwa hayupo. Muulize saruji na nondo nani alinunua, na kama zilibaki. Hapo ndipo watu hufunguka!

Anayejiita kampuni, mtafute kwenye orodha ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi.

Mimi vifaa nanunua mwenyewe, na fundi namlipa kwa hatua: msingi, lenta, kupaua. Wa shemeji naye aandikishwe mkataba, tena mbele ya mashahidi. Undugu ndio unaofanya ushindwe kumdai.