Kabla ya kumwogesha mbwa anayenuka, mnuse

Mbwa wangu anaitwa Bosi. Mama yake ni mbwa koko wa mtaani kwetu hapa Tanga, na baba yake, kwa maneno ya majirani, ni lile jibwa la manyoya la nyumba ya kona. Ushahidi upo: manyoya mazito kuliko joto la hapa linavyotaka, na masikio yaliyolala kama majani ya mgomba yaliyonyauka. Masikio hayo ndiyo yaliyonitia hasara.

Masika ya mwaka juzi Bosi alianza kunuka. Kila mbwa ana harufu yake, na anayefuga anaizoea. Hii haikuwa ile. Alinuka fee, harufu ya maziwa yaliyochacha, na ukimpapasa mgongoni kiganja kinabaki na mafuta. Akiingia sebuleni wageni wanaangaliana.

Nikafanya ambacho kila mtu angefanya: nikamwogesha. Jumamosi, halafu Jumatano pia, halafu kila nilipopata ndoo mbili za maji. Nilianza na sabuni ya mche, ilipogoma nikahamia sabuni ya unga, hii ya kufulia. Akishaoga ananukia mpaka adhuhuri. Kesho yake asubuhi uvundo umerudi, na safari hii umekuja na kujikuna.

Siku moja nilikuwa namsuuza uani, akaniponyoka mkononi na povu lake, akaenda kujikung'uta kando ya kamba ya nguo za jirani. Jirani yangu ni mama mtu mzima, na swala zake tano hazimpiti. Mbwa mkavu akipita hana neno naye, lakini maji ya mbwa yakigusa nguo ni najisi, ioshwe mara saba, moja kwa udongo. Matone yalidondokea kanga mbili. Nikaomba radhi mpaka nikaishiwa maneno, nikamletea na udongo mwenyewe. Alipomaliza akanitazama, akasema, "Mwanangu, mbwa wako anaoga kunishinda mimi. Mbona ananuka?"

Swali hilo sikuwa nalo jibu.

Ushauri wa bure ulikuwepo, tena mwingi. Kijana mmoja akaniambia nimpake oili chafu ya gari. Mwingine dizeli. Tafadhali usithubutu: vyote viwili vinaunguza ngozi, na mbwa hujilamba, kwa hiyo ulichompaka ngozini jioni kiko tumboni. Mimi nilikimbilia duka la dawa za mifugo, nikauziwa dawa ya kuogeshea kupe. Kupe wachache walikufa, harufu haikutikisika. (Kama una paka nyumbani, uliza kwanza kabla ya kununua dawa yoyote ya kupe. Baadhi ya zinazomfaa mbwa humuua paka.)

Mwishowe nikamwita daktari wa mifugo. Nilitegemea aulizie sabuni gani natumia. Yeye alichuchumaa, akainua sikio moja la Bosi, akainama akanusa, kama mpishi anayefunua sufuria ya pilau. Akanusa na la pili. Akamlaza chali akanusa makwapa na mapajani, akatenganisha vidole vya miguu akanusa katikati. Akafunua mdomo. Mwisho akainua mkia. Halafu akaniita: "Dada, njoo unuse mwenyewe. Mgongo haunuki sana. Sikio ndilo linanuka, na hapa kinenani."

Nikanusa. Kweli. Ndani ya sikio kulikuwa kwekundu, na nta ya kahawia iliyokolea kama ugoro uliolowana. Ngozi ya kinenani ilikuwa imeanza kuwa nyeusi na nene. Miezi minne nimeishi na uvundo huu, na nilichokuwa nikikisugua siku zote ni mgongo.

Alichukua nta kidogo kwa kijiti cha pamba, akaondoka nayo kwenda kuitazama kwa hadubini. Jioni akanipigia: ni fangasi, wa jamii moja na hamira, anaitwa Malassezia. Huyu anaishi kwenye ngozi ya mbwa wengi bila kuwasumbua. Anapopata joto, unyevu na mafuta ndipo anapozaana. Sikio lililolala halipiti hewa. Manyoya mazito hayakauki upesi. Na mimi kila baada ya siku tatu nilikuwa namwongezea maji, halafu namwacha ajikaukie mwenyewe barazani, kwenye masika, Tanga! Sabuni nayo ilikuwa na lake. Ngozi ya mbwa haina uchachu kama ya binadamu, na sabuni kali huikausha na kuichubua, ikabaki haina kinga.

Dawa ilikuwa shampuu ya mifugo yenye klorheksidini na mikonazoli, mara mbili kwa wiki. Siri yake ni dakika kumi. Unaipaka, unasugua mpaka ifike kwenye ngozi, halafu unakaa na mbwa wako mwenye povu dakika kumi nzima kwa saa, ndipo unasuuza. Dakika mbili ni kumwaga pesa. Mimi nilikuwa naweka kigoda, nashika shingo yake, namsimulia habari za mtaa. Kisha kukausha: kanga kuukuu mbili, moja ya kufyonza na nyingine ya kumalizia, na hasa makwapani, kinenani, chini ya mkia na kati ya vidole. Tulikwenda hivyo kwa wiki sita.

Masikio yalipewa matone yake. Usijitungie dawa ya sikio. Siki, spiriti, mafuta ya nazi ya moto, vyote nimevisikia. Ngoma ya sikio ikiwa imetoboka huwezi kuiona kwa macho, na dawa isiyofaa ikipenya huko ndani unaweza kumtia uziwi. Hata kijiti cha pamba usikizamishe, kinasukuma uchafu ndani. Pangusa pale unapoona, basi.

Fangasi huyu mara nyingi ana kilichomkaribisha. Daktari aliniambia tukimuua akarudi, tutafute mzio. Kwa Bosi ilikuwa viroboto: mate yao yanamwasha, anajikuna, ngozi inachubuka, fangasi anahamia. Kwa hiyo viroboto wanatibiwa kwa mbwa na kwa pale anapolala, kwa pamoja. Gunia lake la kulalia nililichoma moto. Sasa analalia shuka kuukuu, linafuliwa kwa maji ya moto kila wiki na kuanikwa juani mpaka likauke kau.

Nilidhani nimehitimu. Baada ya miezi kadhaa ikaja harufu nyingine, na hapo ndipo niliposhukuru lugha yetu ilivyo na majina ya kila aina ya kunuka. Hii haikuwa uvundo. Ilikuwa shombo, shombo hasa, kama kapu la samaki lililosahauliwa juani. Inakuja ghafla, inapotea, inarudi. Na Bosi akawa anajiburuza sakafuni kwa makalio. Watoto wanacheka, mimi nasema ni minyoo.

Haikuwa minyoo. Mbwa ana vifuko viwili pembezoni mwa tundu la haja, ukichukulia kama uso wa saa viko kwenye nne na nane. Vina majimaji ambayo kwa kawaida hutoka kidogo kidogo anapojisaidia, kwa sababu choo kigumu hupita na kuvibinya. Choo kikiwa laini siku nyingi, vifuko vinajaa. Daktari alivaa glavu, akaweka kitambaa, akabinya. Kilichotoka kilikuwa kidogo kama kijiko cha chai, rangi ya kahawia, na chumba kizima tulikikimbia. Bosi akatikisa mkia. Nilimwomba anifundishe, akasita: ukibinya vibaya unaumiza, na ukizoea kubinya visivyojaa unavichokoza. Ukiona pamevimba, pekundu, au panatoa damu au usaha, hilo ni jipu, mpeleke siku hiyohiyo.

Kinywa nitakisema kwa kifupi maana kwa Bosi si tatizo. Akila dagaa atanuka dagaa, hilo halina tiba. Lakini mdomo unaonuka kila siku mara nyingi ni ukoga na fizi zilizooza, na jino bovu halisafishwi kwa mfupa. Usimpigie mswaki kwa dawa ya meno ya watu, zipo zenye sukari ya zailitoli, ambayo ni sumu kali kwa mbwa. Pumzi ikinuka kama mkojo, waza figo, nenda akapimwe.

Kwa wenye mbwa jike ambaye hajafungwa kizazi: wiki chache baada ya joto lake, yaani siku zake za kutaka dume, ukisikia harufu ya usaha huku nyuma, anakunywa maji sana na hataki kula, usisubiri kesho. Mji wa mimba unaweza kuwa umejaa usaha, na unaua. Vilevile harufu ya kuoza kwenye mbwa mwenye manyoya mengi: yapekue mpaka kwenye ngozi. Kidonda kidogo kikitagiwa na nzi kinajaa funza chini ya manyoya na wewe huoni kitu.

Siku hizi Bosi anaoga mara moja kwa mwezi, au akijigaragaza kwenye kitu ambacho sitakitaja. Kila Jumamosi asubuhi namnusa kwa mpangilio wa daktari: masikio, mdomo, makwapa, kinena, vidole, mkia. Dakika tatu. Nasikia wapita njia wananiita mwehu.

Jumamosi iliyopita sikio la kushoto lilikuwa limeanza kuchacha tena. Mvua imenyesha wiki nzima. Nimempigia daktari, anakuja Alhamisi, na mpaka hapo sijamgusa na tone la maji. Jirani kamwona barazani jana, mkavu, akaniuliza kupitia uani, "Leo haogi?" Nikamwambia haogi, shikamoo mama, anika tu.