Ukikabwa na jinamizi, usimtafute mchawi

Umelala chali. Umezinduka, feni unaisikia, mwanga wa taa ya uani unauona dirishani, lakini hata kidole hakiinuki. Kuna mtu chumbani. Anasogea, anakukalia kifuani, unataka kuita na sauti haitoki.

Mimi jinamizi linanikaba tangu nikiwa sekondari, na hapa Mbagala hunijia zaidi wiki za zamu ya usiku. Naandika kwa sababu nimeona nyumba ya kupanga ikivurugika, mama wa watu akinyimwa hata salamu, eti ndiye anayekaba wapangaji wenzake.

Usingizi huenda kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90, na ndani yake kuna kipindi cha ndoto ambapo macho huchezacheza chini ya kope. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walikieleza mwaka 1953. Kipindi hicho ubongo hulegeza karibu misuli yote, usije ukarusha mateke kwa sababu ya ndoto. Sasa akili ikiwahi kuamka kabla mwili haujafunguliwa, ndoto huendelea macho yakiwa wazi. Kifua huwa kizito kwa kuwa misuli ya mbavu imelegea, huwezi kuvuta pumzi kubwa kwa kutaka. Lakini kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kinafanya kazi. Unapumua! Laiti ningeambiwa hilo mapema.

Kushtuka kama unatumbukia shimoni ndio kwanza unasinzia, au kusikia mlio mkubwa kichwani, navyo ni vya mpakani mwa usingizi na havidhuru.

Mwaka 1995 hofu ya Popobawa, jini anayesemwa kuwavamia watu usiku, ilipoikumba Zanzibar, watu walilala nje kwa makundi, na masimulizi mengi ya wakati ule yanataja uzito uleule. Aliyekabwa hasemi uongo, na hofu yake naiheshimu. Ninachokataa ni kumtwisha jirani.

Jinamizi likikukamata, usishindane na mwili mzima. Pumua taratibu, zungusha macho, elekeza nguvu kwenye kidole kimoja cha mguu. Dua isome moyoni. Mimi husoma Ayatul Kursi na hunituliza. Mwenzako mwambie mapema: akisikia unaguna, akuguse bega.

Halafu lala ubavu. Chali hulikaribisha. Kubwa zaidi ni uchovu, na Dar tunachoka: joto, umeme kukatika, kuamka saa kumi alfajiri kuwahi gari. Ukitoka zamu ya usiku funga pazia zito, zima simu, ulale saa zilezile kila siku.

Ila kama usingizi unakuangusha mchana ilhali usiku umelala vya kutosha, au magoti hulegea ghafla ukicheka, nenda hospitali ukaeleze hayo pamoja na jinamizi. Na ndoto mbaya zikianza baada ya dawa mpya, usiiache kimyakimya. Rudi kwa daktari aliyekuandikia.