Kwanza niulizeni nilitazama na nani

Swali lenu la wiki hii, "Filamu za zamani na za sasa, zipi bora?", limenichokoza. Najua majibu mtakayopata. Sisi tuliovuka arobaini tutasema za zamani, tutawataja akina Amitabh na Bruce Lee, tutawasonya vijana, basi. Hata mimi nilikaa chini niandike hivyo hivyo. Ila kila nikiikumbuka filamu niliyoipenda, ninachokikumbuka kwanza ni watu niliokuwa nao. Kwa hiyo kabla hamjaniuliza niliona nini, niulizeni niliona na nani.

Mikindani ya utoto wangu filamu ilikuwa ya kubishania. Banda la video lilikuwa la makuti, mabenchi ya mbao, televisheni ndogo juu ya meza na deki chini yake imefunikwa kitambaa cha kufuma utadhani bibi harusi. Mikanda ilitoka Dar, na enzi hizo Daraja la Mkapa halijafunguliwa (limefunguliwa 2003), kila kitu kilisubiri pantoni ya Rufiji, na masika barabara yenyewe mnaijua ilivyokuwa. Nagina, picha ya Kihindi, ni ya mwaka 1986. Sisi tumeipata miaka ya tisini, tukaishangilia kama imetoka jana.

Ulikuwa msimu wa korosho, watu wana hela, banda limefurika mpaka nje. Mtoto wa kike kukanyaga banda la video ilikuwa kesi, ila mama mdogo aliuza karanga pale mlangoni na mimi nilikuwa msaidizi wake. Kina mama walikuja siku za picha za Kihindi tu. Za ngumi waliwaachia vijana.

Kwa asiyeijua: Sridevi ni nyoka aliyejigeuza mwanamke, kaolewa na Rishi Kapoor, wanaishi kwa mama wa mume. Anatokea Amrish Puri, fundi wa nyoka, anamnong'oneza mama mkwe kwamba huyu si mtu. Basi anaingia na wenzake nyumbani mle, wanapiga filimbi zao ili mke ashindwe kujizuia. Sridevi anacheza kwa hasira, macho yamegeuka rangi, na hapo hapo deki ikala mkanda.

Picha ikajivuta, ikawa mistari, kwisha. "Rudisha hela zetu!" Mwenye banda akatoa bisibisi, akafungua mfuniko, utepe umejisokota ndani kama mzizi. Akauchomoa taratibu kwa ncha za vidole, akakata palipochanika, akaunga kwa selotepu, huku kila mtu akimfundisha kazi. Katika kusubiri huko, bibi mmoja wa Kimakonde aliyekaa benchi la mbele akauliza: "Hivi huyu kijana anatafuta nini kwa mama yake, na mke anaye?"

Mnaelewa alikotoka. Kwa mila zetu mwanamume ndiye anayehamia ukweni. Bibi akaendelea kwamba kijana angekwenda kukaa kwa kina mke, huko huko kwa nyoka, mama mtu angempata wapi mkwe wa kumwitia mganga? Watu wakacheka, halafu wakaanza kugawanyika. Wamwera wakawa upande wa bibi. Mnunuzi mmoja wa korosho, mtu wa bara, akasema mke humfuata mume hata akiwa chatu. Mama mdogo, ambaye ndoa yake ilikuwa imevunjwa na mawifi, akatua sinia la karanga chini. "Nyoka hajamgonga mtu nyumba ile," akasema. "Aliyeleta filimbi ndiye mchawi."

Mkanda ulipowashwa tena ulirukia mbele, ngoma karibu yote imeliwa. Hakuna aliyedai, ubishi ulikuwa bado wa moto. Ukubwani nimeitazama ile ngoma nzima kwenye simu. Nzuri. Ndefu kidogo, na Rishi Kapoor mle hana kazi.

Nimechukua nafasi kubwa kwa mkanda mmoja, mtanisamehe. Baadaye wakaja watafsiri, wale wanaosimulia filamu za nje kwa Kiswahili juu ya sauti yake, na Lufufu ndiye alikuwa mfalme wao. Titanic kwa sauti yake mimi naihesabu kuwa filamu nyingine kabisa. Akaja Kanumba, mwigizaji wa Bongo muvi, alipofariki Aprili 2012 mtaani kwetu watu walilia kama wamefiwa na ndugu. Nilimpenda, lakini Bongo muvi nyingi za wakati ule zilinichosha: gari linaingia getini dakika nzima, muziki unameza maneno, na ukifika patamu unaambiwa kanunue sehemu ya pili. Na mtu wa kusini akionekana humo, ujue ni mganga.

Nilitaka kusema siku hizi kila mtu na simu yake, ubishi umekufa. Lakini si kweli. Azam TV walipoonyesha tamthilia ya Sultan kwa Kiswahili, mtaa wangu uligawanyika kati ya Hurrem na Mahidevran, majirani wakanuniana kwa ajili ya wake wa mfalme wa Kituruki. Bibi yule angekuwepo, angewauliza wote wawili kwao hakuna nyumba?

Tena kuna hili, ambalo linanivurugia hoja. Filamu iliyonishika kuliko zote nimeitazama peke yangu, usiku, spika za masikioni, kwenye kompyuta ya mpwa wangu: Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi. Zanzibar ya mkoloni, Yasmin anaikimbia ndoa aliyoozwa. Hakuna anayenieleza nihisi nini. Kiswahili kinatiririka, watu wanakaa kimya pale mtu wa kawaida angekaa kimya. Ndiyo iliyopelekwa Oscar kwa niaba ya Tanzania, ya kwanza tangu Maangamizi ya 2001, na kwa hilo sina ubishi. Lakini kubishana nayo nimekosa mwenzangu. Wanangu wanasema iko polepole.

Kwa hiyo mkinibana nitoe kura moja, iwekeni kwenye za sasa, kwa shingo upande. Na zile za sehemu ya pili msizihesabu humo.

Msomaji, Mikindani, Mtwara