Mkono kwanza, ndipo kikapu

Mwanangu,

Ujumbe wako tuliusoma na mama yako jana jioni, tukafurahi kwamba huko Ubelgiji hujaacha kwenda misa. Unauliza kwa nini huko watu wanapeana mkono wa amani baada ya Baba Yetu, komunyo ikiwa imekaribia, na sisi hapa Bukavu tunapeana mapema, kabla ya matoleo. Unataka kujua nani yuko sahihi.

Misa yetu inafuata misale, yaani kitabu cha taratibu za misa, ya majimbo ya Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo, ambayo Roma iliikubali mwaka 1988. Maaskofu wetu, Kardinali Malula akiwa mstari wa mbele, waliihangaikia karibu miaka ishirini. Tunaanza kwa kuwaita watakatifu pamoja na wahenga wetu wa moyo mnyofu, kama vile kikao cha ukoo kisivyoanza kabla wakubwa hawajajulishwa. Kisha tunasikiliza Neno, padri anahubiri, tunakiri imani, na hapo tu ndipo tunaomba toba. Huko kwenu toba inakuja mwanzoni kabisa, mara baada ya salamu. Sisi tunasema mtu hawezi kuomba msamaha wa kosa ambalo bado hajaonyeshwa: Neno likuonyeshe kwanza, halafu inamisha kichwa. Ukishatubu unampa jirani yako mkono. Ukishampa mkono, beba ndizi zako uende altareni.

Mkono kwanza, ndipo kikapu. Ulilisikia hilo kwangu tangu hujajua kusoma, na sitachoka kulisema. Yesu ndiye aliyelisema, Mathayo sura ya 5: ukikumbuka mbele ya altare kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo hapo, nenda ukapatane naye, ndipo urudi kutoa.

Habari ya parsele ya babu yako kule Bagira, kile kiwanja kilichotugombanisha mimi na baba yako mdogo, unaijua, sina haja ya kuirudia. Ambalo hujaambiwa ni la Jumapili iliyofuata kile kikao cha ukoo. Zamu ya matoleo ilikuwa ya shirika letu. Baba yako mdogo alikaa benchi la mbele yangu, na kikapu cha maharagwe katikati ya miguu yake, kile kikubwa cha marehemu mama. Padri akasema tupeane amani. Nikatoka mahali pangu, nikazunguka benchi, nikamnyooshea mikono yote miwili, mimi niliye mkubwa wake. Akaitazama. Kisha akainama akaanza kutengeneza jani la mgomba lililofunika maharagwe, kama vile lilikuwa limesogea. Halikuwa limesogea. Kwaya ikaanzisha wimbo wa matoleo, ngoma zikalia, naye akainuka na kikapu chake begani, akaenda akicheza katikati ya kanisa, parokia nzima inamwangalia. Akamkabidhi padri, akasema maneno ya kutoa kwa niaba ya shirika. Sauti yake unaijua ilivyo nzuri. Siku hiyo ilikuwa nzuri kuliko siku zote.

Mimi nilirudi kukaa. Mpaka leo wimbo ule wakiuanzisha, nafungua kitabu cha sala nasoma ukurasa wowote, nisiangalie wanaopita.

Mama yako, ambaye anasoma haya juu ya bega langu, ananikumbusha kwamba andiko linasema ndugu yako akiwa na neno juu yako, halisemi wewe ukiwa na neno juu yake. Yaani mwenye kwenda ni yule anayelalamikiwa. Ni kweli. Na nilikwenda! Andiko haliendelei kusema ufanye nini ukishafika na ndugu yako anashughulika na jani la mgomba.

Lakini uliuliza nani sahihi. Yustino Shahidi, mwandishi Mkristo wa zamani, akiandika huko huko Roma karibu mwaka 150, anaeleza kwamba Wakristo walisalimiana kwa busu wakimaliza maombi, halafu mkate na divai vikaletwa. Ni kama sisi kabisa, na Milano mpaka leo wanafanya hivyo. Nilipoyajua haya nilitaka kuyatangaza mimbarini. Basi nikakutana na Augustino, askofu wa Hippo, Mwafrika mwenzetu: kwake amani inakuja baada ya Baba Yetu, kama huko kwenu. Na Papa Inosenti, mwaka 416, aliandika kuutetea utaratibu wa kuweka amani baadaye, ili iwe kama muhuri wa waamini juu ya yote yaliyotendeka. Papa Benedikto wa 16 aliomba mwaka 2007 ichunguzwe kama amani ihamishwe, na mwaka 2014 Roma ikajibu ibaki ilipo. Hao si watu wa kuwapuuza.

Usiku mwingine nawaza: je, amani ingechelewa Jumapili ile? Angekuwa amekwisha kutoa, amekwisha kucheza, amesali Baba Yetu na sisi sote, "kama nasi tunavyowasamehe." Pengine mkono ungefunguka. Hapo namwelewa Inosenti. Kisha najijibu kwamba hapana, kikapu hakiwezi kutangulia kikanunua njia. Mkono kwanza. Asubuhi naanza tena upya.

Kwa hiyo sitakuambia kwamba huko kwenu wamekosea, ingawa unaona ninavyojizuia. Ila amani inapofika, usiinamishe tu kichwa kwa jirani wa kushoto na kulia kama wanavyofanya wengi huko. Kama yuko Mkongomani mwenzako ambaye hamsemeshani, toka mahali pako umfuate.

Na kile kikapu, kama Mungu alikipokea au hakukipokea, usiniulize. Jibu ninalo. Mama yako analijua, na ameshika kalamu nisiliandike.

Anakusalimu sana.

Baba yako,
Bukavu