Suti nyeusi, faili kwapani, na bado?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Niko mwaka wa mafunzo ya uwakili hapa London. Juzi mlinzi wa mahakama aliniuliza kesi yangu inasikilizwa saa ngapi, akidhani mimi ndiye mshtakiwa. Na faili la mteja ninalo kwapani! Nilalamike, au ninyamaze nisionekane mkorofi?
Binti wa Mombasa

JIBU: Marahaba mwanangu. Mimi waliwahi kunidhania mkalimani, na wigi langu la uwakili la manyoya ya farasi ninalo mkononi. Nikacheka nao. Kicheko kile nakijutia hadi leo.

Mwaka 2020 wakili Mweusi Alexandra Wilson alidhaniwa mshtakiwa zaidi ya mara moja kwa siku moja. Alisema hadharani, na mkuu wa huduma za mahakama akamwomba radhi. Basi andika leo, kabla hujasahau: saa, mlango gani, maneno yenyewe. Nakala mpe msimamizi wako wa mafunzo.

Kisha watafute Society of Black Lawyers, chama cha mawakili Weusi alichokiasisi wakili Sibghat Kadri na wenzake. Kadri mwenyewe alikuja kuwa QC, cheo cha juu cha mawakili, mwaka 1989. Barua ya peke yako hutupwa droo la chini. Ya chama hujibiwa.

Na suti usibadilishe.