Kupima Miwani Siyo Kupima Jicho la Kisukari

Tabibu mwenye zahanati yake Ngamiani, Tanga, ametuandikia: wagonjwa wake wa kisukari wote wamesoma ubao wa herufi hadi mstari wa chini, je, amemaliza? Hujamaliza, ndugu yetu, hata hujaanza. Kisukari hula mishipa midogo ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kimyakimya. Mtu anasoma 6/6 leo, yaani anaona vizuri kabisa, na damu imeshaanza kuvuja ndani, nyuma ya jicho.

Mwenye kisukari cha aina ya 2 apimwe retina kwa kamera mara tu anapogundulika, maana sukari huenda imemkalia miaka bila yeye kujua. Aina ya 1, ndani ya miaka 5 tangu agundulike. Kisha kila mwaka. Mwenye kisukari akishika mimba, miezi 3 ya mwanzo isipite.

Anza na ubao kwa mita 6, jicho moja moja, miwani yake ya mbali akiwa ameivaa. Akikwama, aangalie kupitia kikingio chenye kitundu kidogo. Akiona vizuri zaidi, shida huenda ni miwani. Ila usimwandikie mpya sukari ikiwa juu: lenzi ya jicho hubadilika nayo, sukari ikishuka miwani haimfai tena, na hela yake atakudai wewe.

Uliza kama aliwahi kupata presha ya macho ya ghafla. Kama hapana, dondosha tropikamaidi ya asilimia 1, dawa ya kupanua mboni, tone 1 kila jicho. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: dakika 10 tu, kamera mkononi. Macho yetu meusi hayana haraka hiyo. Subiri dakika 20 hadi 30, mboni ikigoma ongeza tone. Zima taa, funga pazia. Kila jicho picha 2: moja makula, kitovu cha retina, iwe katikati, nyingine kichwa cha neva ya jicho, pale neva inapoingia jichoni.

Picha ikitoka na ukungu, futa lenzi ya kamera kwanza. Unyevu wa pwani mnaujua. Ukungu ukibaki, pengine ni mtoto wa jicho. Andika “haisomeki” na umpe rufaa. Kuna watu huandika “hakuna kitu” kwa picha ambayo hata mishipa haionekani, na hilo linatuuma, kwa sababu mgonjwa anarudi nyumbani na amani ya uongo. Jicho ambalo hukuliona usilitolee cheti.

Mishipa mipya iliyosokotana, au damu iliyotanda: piga simu kliniki ya macho siku hiyo hiyo, hospitali ya Bombo au kwingineko, usimwachie karatasi tu. Kwenye rufaa andika sukari, presha ya damu na alivyosoma ubao.

Huna kamera? Tochi ya kuchungulia jicho huona kieneo kidogo mno. Mpeleke kwenye kamera.

Na mnapompigia simu ya miadi, mwambieni aje na mtu. Matone hutia ukungu kwa muda wa saa 4 hadi 6, jua la mchana linamchoma, na huu ni mji wa baiskeli. Yake aiache nyumbani.