Kundi la watu kumi, nusu hawajawahi kupanda mlima: San Jacinto, ule mlima wa California, inawafaa?

Dada inawafaa kabisa. Pandeni ile tramu ya kamba ya Palm Springs, dakika kama 10 tu mko mita karibu 2,600 juu ya usawa wa bahari, afu mkishuka kwenye tramu chukueni kibali cha kutembea mlimani pale kituo cha walinzi wa hifadhi cha Long Valley, ni bure msipuuze. Toka hapo mpaka uwanda wa nyasi wa Round Valley ni kilomita 3 na kitu, mwinuko wa kawaida ila hewa nyepesi, so mwenye pumzi fupi ndo atangulie mbele, sio yule jamaa wa gym (kila kundi linaye). Jaketi lazima!! Chini mnaungua huku juu mnatetemeka. Na msikanyage majani, kaeni kwenye mawe mle chapati zenu.